Mwacha asili ni mtumwa, lakini asili ya wimbo ni ipi?

Usiku wa tarehe 2 Februari 2025, mjini Los Angeles, mwimbaji Mmarekani mweusi Beyoncé alitunukiwa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki wa kantri kwa albamu yake iitwayo Cowboy Carter, iliyotoka Machi 2024. Usiku huo huo akapewa na ile tuzo kubwa ya albamu bora ya mwaka. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyewahi kuipata hiyo ya kantri. Basi maneno yakawa mengi. Wako waliosema kwamba bibi huyu ameingia shamba la watu, kwa kuwa kantri ni muziki wa Wazungu wa mashambani, wa kofia pana na farasi. Wako waliowajibu kwamba hakuingia shamba la mtu, amerudi tu kulima pale walipolima babu zake.

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu huenda akauliza: sisi na ugomvi huo wapi na wapi? Huku kwetu tuna taarab yetu, tuna kasida zetu, tuna chakacha na vugo. Wamarekani na wamalizane wenyewe. Wala hapa hatuingii katika hoja ya wanazuoni wetu juu ya ala za muziki. Kila mtu na mwalimu wake. Lakini swali linalogombewa huko, yaani wimbo ni mali ya nani na nani anastahili kuitwa mwenyewe, ni swali letu pia. Na mahali pazuri pa kulitazama si Nashville wala Los Angeles. Ni Oyugis.

NJIA PANDA

Oyugis ni mji wa soko katika Kaunti ya Homa Bay, kwenye barabara kuu itokayo Isebania mpakani mwa Tanzania, ikapita Migori na Kisii, kisha ikateremka Sondu na Ahero kuelekea Kisumu. Anayekwenda Kendu Bay, mji wa ziwani ambao ndugu zetu Waislamu wa Kijaluo wamesali kwa vizazi kadhaa, hupindia hapo hapo. Ni nchi ya Wajaluo, lakini vilima vya Wakisii vinaonekana kwa macho, na ukifika Sondu tu, mwendo mfupi wa matatu, umefika soko ambalo Mjaluo na Mkipsigis wanauziana tangu wazee wao. Viazi vitamu vya Kabondo vinavyopangwa kando ya barabara hiyo hufika mbali sana.

Mji wa njia panda husikiliza kila kitu. Katika maduka na magari ya njia ile utasikia benga, utasikia rumba ya Kongo, utasikia nyimbo za kanisani, na usishangae ukisikia Jim Reeves au Don Williams. Watu waliokulia katika miaka ya 1960 na 1970 waliwajua waimbaji hao kwa redio ya taifa na kwa santuri, na watoto wao wakawarithi kama mtu arithivyo saa ya baba yake. Leo Kenya ina waimbaji wake wa kantri, wanaojaza kumbi Nairobi wakiwa na kofia pana na buti. Mashuhuri wao ni Elvis Otieno, aitwaye Sir Elvis. Tazama jina lenyewe: la kwanza limetoka Marekani, la pili limetoka Nyanza.

Hata hivyo kijana wa vijijini akishika gitaa akaimba kikantri, hakosi mzee wa kumwambia, kwa lugha yake, maneno ambayo sisi tumeyaweka katika methali: mwacha asili ni mtumwa. Anaambiwa amewaacha nyatiti na orutu, akafuata mambo ya Wazungu. Maneno hayo ni mazito, na aghalabu husemwa kwa nia njema. Lakini kabla ya kumhukumu kijana yule inafaa tuulize asili yenyewe ni ipi. Katika nchi ile ile, yapata miaka 75 iliyopita, wasichana wa vijijini walikwisha kulijibu swali hili kwa njia yao.

MGENI ALIYEGEUKA SWALA

Kutoka Oyugis hadi Kapkatet, upande wa Kericho, kwa mruko wa ndege hazizidi kilomita 60. Mwaka 1950 alifika hapo Mwingereza aitwaye Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake kunasa nyimbo za wenyeji. Miongoni mwa aliowarekodi walikuwa wasichana wa Kikipsigis, wakiongozwa na mmoja aliyeitwa Chemutoi Ketienya, wakiimba kwa kinubi cha kwao. Wimbo ulikuwa juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu swala, mwimbaji na mchezaji hodari, nao wakimwalika aje acheze.

Chemirocha huyo alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, ambaye Wamarekani humwita baba wa kantri. Gramafoni zilikuwa zimefika nchi ya Wakipsigis pamoja na wamisheni na masetla, na sahani za Rodgers zikafika nazo. Watu walisikia sauti ya ajabu ikitoka katika sanduku: mtu anaimba, kisha ghafla sauti inapasuka kooni na kupanda juu kama ya mchungaji anayeita ng'ombe mlimani. Jina likasagwa na ulimi wa Kikipsigis hata likawa Chemirocha. Na kwa kuwa mwenye jina hakuonekana, wakampa umbo walilolitaka wao.

Jimmie Rodgers hakuwahi kufika Kapkatet, wala hakujua kwamba kuna mahali paitwapo hivyo. Alizaliwa mwaka 1897 huko Meridian, katika jimbo la Mississippi, akafanya kazi ya reli, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933 hata umri wa miaka 36 hajautimiza. Siku wasichana wale wanamwalika aje acheze, alikuwa kaburini miaka 17.

Waswahili tuna neno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wasichana wa Kapkatet hawakujigeuza Wamarekani. Hawakuvaa kofia pana wala kuimba Kiingereza. Walimchukua mgeni wakamtia katika kinubi chao, katika lugha yao na katika mbuga yao yenye swala. Mzee akiwaambia wameacha asili, watamwuliza: asili ipi tuliyoiacha, na hali huyu ni swala wetu?

ALIYOYABEBA HUYO MGENI

Sasa na tumgeukie mgeni mwenyewe. Je, yeye alikuwa na asili moja, safi isiyochanganyika, ya Kizungu? Hapo ndipo ugomvi wa mwaka 2025 unapoanza kuyeyuka.

Ala inayotajwa kwanza watu wanapotaja kantri ya zamani ni banjo. Banjo ni ya Kiafrika kwa asili. Watumwa waliovushwa bahari kutoka Afrika Magharibi waliiunda huko visiwani Karibea na Marekani tangu karne ya 17, kwa kibuyu kilichowambwa ngozi, mti na nyuzi, wakifuata ala za kwao. Wajola wa Senegal na Gambia hadi leo wana ala iitwayo akonting, iliyo kama ndugu yake. Wazungu waliichukua banjo katika karne ya 19, wakaipeleka jukwaani, na baada ya miaka mia moja watu wengi hata weusi wenyewe waliamini kwamba ni ala ya Mzungu wa milimani. Ndiyo maana katika wimbo mmoja mashuhuri wa albamu ile ya Cowboy Carter banjo inapigwa na Rhiannon Giddens, mwanamke mweusi aliyejitolea miaka mingi kuirudishia ala hiyo historia yake.

Fidla waliileta wahamiaji wa Uingereza, Scotland na Ireland. Lakini fidla nayo ina mababu, na wataalamu wanauhesabu miongoni mwao rababu, uliopita mikononi mwa Waarabu kuingia Ulaya kwa njia ya Andalusia na Sisilia. Gitaa ilikulia Hispania, nchi ambayo ilikuwa imesikia udi kwa karne nyingi. Mwaka 822 alifika Cordoba mwanamuziki Ziryab, aliyetoka Baghdad, na husimuliwa kwamba ndiye aliyeuongezea udi uzi wa tano. Hata jina la luti, ala iliyopendwa sana katika majumba ya Ulaya, ni neno letu hilo hilo la al-udi lililobadilishwa kidogo. Mwenye kusikiliza udi wa marehemu Zein l'Abdin wa Lamu, kisha akasikiliza gitaa ya Mmarekani, anasikiliza majirani wa zamani.

Na ile sauti ya kupasuka kooni, iliyowashangaza Wakipsigis, ilitoka kwa wachungaji wa milima ya Alps, ikaletwa Marekani na vikundi vya waimbaji vilivyozunguka katika karne ya 19. Gitaa inayolia kwa kutelezeshwa chuma juu ya nyuzi ilitoka visiwa vya Hawaii, na kijana anayesifiwa kwa kuianzisha, mwishoni mwa karne ya 19, ni Joseph Kekuku. Mambo ya farasi, kamba na kofia pana yalitoka kwa wachungaji wa Mexico waliotawaliwa na Wahispania. Na huzuni inayolainisha kantri yote ni ya watu weusi wa kusini waliofanya kazi mashambani na kwenye reli.

Rodgers mwenyewe aliichukua huzuni hiyo akaifunga pamoja na sauti ya Alps, na ndiyo iliyompa jina. Mwaka 1930 alirekodi wimbo pamoja na mpiga tarumbeta mweusi Louis Armstrong. Wengine nao walikuwa na walimu. Familia ya Carter, nguzo nyingine ya kantri, ilizunguka kukusanya nyimbo pamoja na mpiga gitaa mweusi Lesley Riddle, aliyezihifadhi kichwani wakati bwana Carter akiandika maneno. Hank Williams, ambaye mashabiki wa kantri wanamwona kama sisi tunavyomwona Siti binti Saad, alifundishwa gitaa utotoni na mtu mweusi wa barabarani, Rufus Payne.

KABATI MBILI

Ikiwa mambo yalikuwa hivyo, mbona dunia iliamini kwamba kantri ni ya Wazungu? Jibu ni la kibiashara. Katika miaka ya 1920 makampuni ya santuri ya Marekani yalipoanza kurekodi watu wa kusini, yalitengeneza orodha mbili. Moja ilikuwa ya nyimbo za watu weusi, ya kuuzwa kwa weusi. Nyingine ilikuwa ya nyimbo za watu wa milimani, ya kuuzwa kwa weupe. Mtu mmoja, Ralph Peer, alikuwa na mkono katika zote mbili: alishiriki katika kumrekodi Mamie Smith, mwanamke mweusi, mwaka 1920, na mwaka 1923 akamrekodi mpiga fidla mweupe John Carson mjini Atlanta. Ndiye aliyemrekodi Jimmie Rodgers kwa mara ya kwanza, tarehe 4 Agosti 1927, katika mji wa Bristol, Tennessee.

Fikiri, ndugu msomaji. Watu walikuwa wakisikilizana, wakifundishana, wakiibiana nyimbo kibarazani na kwenye reli. Mwenye duka akaja na kabati mbili. Mweusi aliyepiga fidla kama Mzungu hakuwa na kabati, basi hakurekodiwa. Mzungu aliyeimba kama mweusi alitiwa katika kabati ya weupe, na mwalimu wake hakutajwa. DeFord Bailey, mweusi hodari wa kinanda cha mdomo, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa kipindi kikubwa cha redio ya kantri mjini Nashville. Mwaka 1941 aliachishwa, na akaishi kwa kung'arisha viatu. Alifariki mwaka 1982, akaingizwa katika jumba la heshima la kantri mwaka 2005. Mwaka 2019 wimbo wa kofia na farasi wa kijana mweusi Lil Nas X uliondolewa katika orodha ya nyimbo za kantri kwa hoja kwamba si kantri ya kutosha. Kabati zilikuwa bado zimefungwa.

KABATI ZETU

Kwetu nako kabati zilikuwepo. Machi 1928, miezi saba baada ya Rodgers kurekodiwa Bristol, Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Sahani zilizofuata, na zile zilizotengenezwa Nairobi baada ya Vita Vikuu vya Pili, ziliuzwa kwa lugha na kabila: hii ya Kiswahili, hii ya Kijaluo, hii ya Kikamba. Kwa mwenye duka ilikuwa rahisi. Lakini masikio ya watu hayakugawanyika hivyo.

Chukua benga, ambayo kila mtu husema ni muziki wa Wajaluo, na ni kweli. Mpiga nyatiti hukaa kwenye kigoda kifupi, akachanja nyuzi nane, huku pete ya kidole gumba cha mguu ikigonga ubao na njuga zikilia mguuni. Vijana wa Nyanza walipopata gitaa waliutafuta mdundo huo huo katika nyuzi za chuma. Gitaa ya kwanza ikalifuata neno la mwimbaji kama kivuli, besi ikaruka, na maneno yakiisha gitaa ikaachiwa ikimbie peke yake. Lakini gitaa yenyewe ilifikaje? Nyingine zilirudi na askari baada ya 1945. Mitindo ilikuja na sahani za Kuba, na wapigaji kutoka Kongo, akiwamo Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyekuja Nairobi mwaka 1959 na kuwashangaza watu kwa vidole vyake, akiimba Kiswahili. Kabla ya hapo Fundi Konde, Mmijikenda wa Pwani yetu, aliyewatumbuiza askari wakati wa vita hata akapelekwa Asia, alikuwa amekwisha kuizoesha Kenya gitaa ya umeme. D. O. Misiani, aliyeitwa mfalme wa benga hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006, alizaliwa Shirati, Tanzania, ng'ambo ya mpaka kutoka Migori.

Na kwa nini masikio ya watu wa Nyanza yakaikubali kantri upesi? Tazama maisha yao. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo wanaume wa Nyanza wakaenda kutafuta kazi mbali: mashamba ya chai ya Kericho, karakana za reli za Nairobi, gati za Kilindini. Wengi wetu Mombasa tumekaa nao nyumba moja. Mtu huyo akirudi likizo, au akikaa chumbani kwake akimkumbuka mama yake na ng'ombe wake, husikia katika redio mtu anayeimba juu ya garimoshi, juu ya nyumbani kulikobaki nyuma, juu ya mama, juu ya kifo na Mungu. Maneno ya Kiingereza huenda asiyajue yote, lakini jambo analijua. Rodgers alikuwa mtu wa reli, naye ni mtu wa reli. Undugu huo haukuhitaji mkalimani.

KANINDO AMFUATA CHEMIROCHA

Asije mtu akadhani kwamba sisi huku ni wapokeaji tu. Phares Oluoch Kanindo, aliyewahi kuwa mbunge wa Homa Bay, alikuwa pia mfanyabiashara wa santuri. Katika miaka ya 1970 alitoa sahani nyingi za benga, na lebo zake zikasambaa kusini mpaka Zimbabwe, ambayo wakati huo ingali ikiitwa Rhodesia. Vijana wa Zimbabwe waliokuwa katika kambi za mapambano ya uhuru, Tanzania na kwingineko, nao waliusikia muziki huo wakarudi nao nyumbani. Kwa kuwa hawakujua jina la benga, waliuita kwa lile lililoandikwa kwenye lebo: kanindo. Baadaye, Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, mtindo wao mkubwa wa gitaa ukaitwa sungura, neno letu la Kiswahili, nao ukashika nchi nzima.

Hebu ziweke habari hizi mbili pamoja. Jina la Mmarekani lilifika Kericho likawa swala. Jina la mtu wa Homa Bay lilifika Harare likawa mtindo wa muziki. Kila mahali mwenyeji alilichukua jina lililoandikwa juu ya sahani, akalipa kazi mpya. Na kila mahali majina ambayo hayakuandikwa juu ya sahani yalipotea. Nani anawajua wapiga gitaa wote waliopiga katika sahani zile zilizoitwa kanindo?

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisisitiza. Kuchanganyika kwa nyimbo hakujamdhuru mtu. Kilichowadhuru watu ni daftari lililoandikwa vibaya: lililoandika kampuni likasahau mpigaji, lililoandika kabila likasahau mtu.

DAFTARI JIPYA

Jambo hili si la zamani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, inayozitaka serikali za kaunti kuweka daftari za mali hizo za wananchi wao. Nia ni njema sana. Wenyeji wa kaunti wamechoka kuona ngoma zao zikitumiwa katika matangazo na filamu na wao hawapati hata asante.

Lakini karani wa daftari hilo ataandika nini juu ya Chemirocha? Akiandika kwamba ni mali ya jamii ya Kipsigis, atakuwa amesema kweli, kwa sababu maneno, kinubi na swala ni vyao. Lakini jina la Rodgers je? Na akienda Homa Bay kuiandika benga, je, ataandika Wajaluo peke yao, Mkongo na Mkuba na Mpwani wasitajwe? Daftari likitaka kila wimbo uwe na kabila moja tu, tutakuwa tumezijenga tena kabati za mwaka 1923, safari hii kwa mikono yetu wenyewe.

Wako watakaosema: ikiwa kila kitu kimechanganyika, basi hakuna mwenye haki, na kila mtu achukue apendacho. Hoja hiyo huwafaa wenye nguvu tu. Jahazi la Matondoni lina mbao zilizotoka huku na kule, na zamani msaji wake ulitoka Malabar. Nani atamwambia fundi kwamba jahazi si kazi yake kwa sababu mti ulitoka ng'ambo? Mti ni wa watu wengi, lakini mkono uliochonga una jina. Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, alichukua sauti za filamu za Kihindi akazivisha mashairi ya Kiswahili hata Mombasa nzima ikalia. Vyama vyetu vya taarab vilipiga taishokoto, ala ya Kijapani, na hakuna bibi harusi aliyesema harusi yake imekuwa ya Kijapani. Tuliyachukua yote hayo tukabaki Waswahili. Lakini wimbo wa Malaika, ambao dunia nzima imeuimba, Fadhili William aliurekodi na Adam Salim wa Tanzania akadai ni utungo wake, na ubishi ukadumu mpaka wenyewe wameondoka. Kama siku ile ya kwanza pangekuwa na daftari zuri, ubishi huo usingekuwepo.

Basi daftari la kaunti, iwe Homa Bay, Kericho, Lamu au Mombasa, liandikwe kwa namna nyingine. Liandike jamii, ndiyo, lakini liandike pia mtu: nani aliimba, nani alipiga, nani alimfundisha, alisikia wapi, mwaka gani. Mzee wa nyatiti aulizwe jina la mwalimu wake kabla hajafa. Kijana wa Oyugis anayeimba kikantri aandikwe naye, na jina la yule aliyemwonyesha gitaa liandikwe chini ya lake. Kazi hii haitaki fedha nyingi. Inataka kalamu na mtu mwenye subira ya kusikiliza.

Chemutoi Ketienya tunamjua leo kwa sababu moja tu: mwaka 1950 mtu mmoja alimwuliza jina akaliandika. Sahani yake ilikaa miaka mingi katika maktaba ya muziki huko Afrika Kusini, na katika miaka ya 2010 nakala za rekodi zile zikarudishwa Kapkatet, wazee wakasikia sauti za ujana wao. Wale wasichana wengine walioitikia kiitikio wanasikika vizuri, lakini majina yao hayamo katika orodha.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, na hawakukosea. Tena hilo neno lenyewe la asili tulilipata kwa Waarabu, na sasa ni letu. Yule kijana wa gitaa asikatazwe wimbo wake. Aambiwe tu aulizie ulikopita, na akiwajua waliompa, awataje kwa majina mbele ya watu kila anapoimba.